Sentimita Kumi za Kaboni

Mto Columbia umeipasua safu ya milima ya Cascade na kuacha korongo refu linalotenganisha majimbo ya Oregon na Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Hakuna njia nyingine inayoikata milima hiyo kwa kimo kinachokaribia usawa wa bahari. Kiangazi, nchi kavu iliyo mashariki hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa nzito ya baridi kutoka Pasifiki huikimbilia kwa kupitia mlango huo mmoja mwembamba. Upepo hupanda mto huku maji yakishuka, na vinapopambana mawimbi husimama wima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji mdogo wa Hood River ulio ukingoni mwa korongo hilo umekuwa kivutio cha watu wa mbao za tanga, wale wanaosimama juu ya ubao, kuushika upepo kwa mikono yao, na kukata maji kwa kasi.

Upepo wa huko hauweki ahadi. Mtu huingia majini saa nne asubuhi na tanga la mita 5.3 za mraba, na ifikapo saa nane mchana halishikiki tena. Upepo ukizidisha kasi mara 2, nguvu yake juu ya tanga huwa mara 4. Ndiyo sababu mwendeshaji wa kilo 75, anayetosheka na tanga la karibu mita 6 upepo ukienda kilomita 32 kwa saa, huhitaji la mita 4 tu ukifika kilomita 46. Basi hurudi ufukoni, hulivua kubwa, hufunga dogo. Mlingoti nao hubadilishwa, au hupunguzwa kwa kipande cha chini. Hadi hapo hakuna tatizo.

Tatizo huja kwenye bumu.

Bumu ni fremu ya mirija miwili iliyopinda, inayolikumbatia tanga kutoka pande zote mbili: mbele imebana mlingoti, nyuma imefungwa kwa kamba kwenye pembe ya tanga. Foromali ya jahazi hulibeba tanga kutoka juu, mbali na baharia; bumu hukaa kwenye usawa wa kifua na mabega, na nguvu yote ya upepo humfikia mwendeshaji kupitia hapo, iwe kwa mikono au kwa kamba fupi anayoinasa kwa kulabu ya mkanda wa kiunoni. Mwishoni mwa mirija hiyo kuna mkia, kipande chenye umbo la herufi U ambacho miguu yake miwili huingia ndani ya mirija na kutoka, hatua kwa hatua, kisha hufungwa kwa pini au klipu. Mkia ukitolewa bumu hurefuka, ukiingizwa hufupika.

Kila tanga huchapwa namba kwenye kona yake: ukubwa wake, urefu wa ukingo wa mbele, na urefu wa bumu linalohitajika. Tanga la mita 5.5 huomba bumu la takriban sentimita 170. La mita 4 huomba karibu 150. Matanga ya dhoruba ya mita 3 na kitu hushuka hadi 140 au chini yake. Sasa mchukue mtu aliyenunua bumu la kaboni lenye namba 160–210, chaguo la busara kwa siku nyingi za mwaka, na upepo umemlazimisha kufunga tanga la mita 4. Ameusukuma mkia ndani mpaka mwisho. Bado zimebaki sentimita 10 za bumu zinazotokeza nyuma ya tanga bila kazi.

Mtu asiyeujua mchezo huu anaweza kuuliza sentimita 10 zina madhara gani. Zina madhara mengi. Pembe ya tanga inapaswa kukaa karibu kabisa na ncha ya bumu. Ikiwa mbali, kamba inayoishika huwa ndefu, na pembe hupata nafasi ya kucheza juu na chini kila upepo unapopiga kwa vishindo. Tanga hupoteza umbo, na mwendeshaji huhisi nguvu ikihama mikononi mwake wakati ule ambao angetaka itulie. Ncha iliyotokeza hugonga maji tanga linapoinamishwa kwenye kona, na katika mawimbi makubwa mgongano wa namna hiyo humwangusha mtu papo hapo. Haya yote hutokea siku ya upepo mkali zaidi, siku ambayo kosa dogo hulipiwa kwa gharama kubwa.

Hapo mwanzo tatizo hili halikuwepo. Mwaka 1967, Jim Drake, mhandisi wa ndege, alikijaribu chombo cha kwanza alichokibuni pamoja na Hoyle Schweitzer huko California. Waliomba hataza mwaka 1968 na Marekani ikawapa mwaka 1970. Windsurfer, ubao uliouzwa kutokana na kazi yao, ulikuja na tanga la ukubwa mmoja, mita 5.2 za mraba, na bumu la mti wa msaji lililofungwa mlingotini kwa kamba. Tanga moja, bumu moja. Hakuna aliyehitaji kurefusha wala kufupisha chochote. Haja hiyo ilizaliwa pale vijana wa Hawaii, mwishoni mwa miaka ya 1970, walipofunga kanda za miguu juu ya mbao zao na kuanza kwenda nje siku ambazo wengine walikaa ufukoni. Pepo zile zilidai matanga madogo, na matanga madogo yalidai bumu linalobadilika.

Umbo la bumu liliwahi hata kuamua kesi kubwa. Hataza ya Schweitzer na Drake ilipofikishwa mbele ya majaji wa Uingereza katika miaka ya 1980, katika shauri la kampuni ya Windsurfing International dhidi ya Tabur Marine, upande wa pili uliwaletea habari za Peter Chilvers. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12, Chilvers alikuwa amejitengenezea chombo cha namna hiyo kwenye kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Hoja moja ya wenye hataza ilikuwa kwamba bumu lao lilipinda kama upinde, ilhali la mtoto yule lilikuwa vipande viwili vya mti ulionyooka. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba miti ile, ikishavutwa na tanga lililojaa upepo, ilipinda yenyewe na kuwa upinde. Hataza ikaanguka huko Uingereza, na hatua 4 za kupima uvumbuzi zilizotajwa katika hukumu hiyo bado zinafundishwa kwa wanasheria wa hataza. Fundi anayeshika msumeno leo ili kulifupisha bumu la kaboni angefanya vyema kuikumbuka hoja ya majaji. Bumu lililolala mezani karakanani silo lile lililobeba upepo. Likiwa kazini hupinda, na kila sehemu yake husukumwa upande wake.

Mwaka huo huo wa 1958, huko Parma karibu na Cleveland, Roger Bacon wa kampuni ya Union Carbide alipata nyuzi za grafiti zenye nguvu ya ajabu katika maabara. Wajapani, kupitia kazi ya Akio Shindo, wakaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 jinsi ya kupata nyuzi za kaboni kutokana na uzi wa plastiki wa poliakrilonitrili, na muda si mrefu watafiti wa serikali ya Uingereza huko Farnborough wakaziboresha hadi zikafaa kwa ndege. Ilichukua miongo mitatu hivi kabla ya nyuzi zile kufika kwenye bumu.

Zilipofika zilibadilisha mengi. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa takriban maikromita 7, mwembamba kuliko unywele kwa mara 10 hivi. Ukilinganisha nyuzi zenyewe na alumini, ukinzani wake dhidi ya kuvutika ni zaidi ya mara 3, na zikishalowekwa gundi ya epoksi na kukauka, kitu kinachopatikana kina uzito wa gramu 1.6 kwa kila sentimita ya ujazo, dhidi ya gramu 2.7 za alumini. Bumu la kaboni la mawimbi lina uzito wa kilo 2 na kidogo tu, na halibonyei mwendeshaji anaponing'inia juu yake. Bei yake nayo ni ya aina yake: mamia ya dola, na yale ya hali ya juu hupita 1,000. Hapo ndipo wazo la msumeno linapozaliwa. Kununua bumu la pili kwa ajili ya siku chache za dhoruba ni mzigo mzito kwa watu wengi. Kukata sentimita 10 kunaonekana kazi ya jioni moja.

Kukata ni kazi ya jioni moja kweli. Ugumu uko kwenye hesabu, na pia kwenye mdomo wa mrija.

Tuanze na hesabu. Miguu ya mkia imenyooka, kwa hiyo inaweza kuteleza tu ndani ya sehemu ya mrija iliyonyooka. Ukikata sentimita 10 za mrija, sehemu iliyonyooka imepungua kwa sentimita 10, na kwenye mabumu mengi miguu ya mkia sasa itagonga mahali mrija unapoanza kupinda kabla mkia haujaingia wote. Kwa hiyo nayo lazima ikatwe. Matokeo yake hushangaza watu: bumu la 160–210 lililokatwa sentimita 10 kwenye mirija na 10 kwenye mkia huwa la 150–190. Upande wa chini limepata 10, upande wa juu limepoteza 20. Aliyekuwa akitumia bumu hilo hilo kwa tanga lake kubwa la upepo hafifu, linaloomba sentimita 200, hana tena bumu la tanga hilo. Kabla ya kukata chochote, mkia uvuliwe na fimbo nyembamba iliyonyooka, yenye unene wa mguu wa mkia, iingizwe taratibu ndani ya mrija hadi ikwame. Ikiingia mbali kuliko miguu ya mkia inavyofika kwa sentimita 10 au zaidi, kuna nafasi ya kutosha, na mkia unaweza kuachwa ulivyo. Ikikwama pale pale, hesabu ni hiyo ya juu.

Fimbo hiyo huonyesha pia mpaka usiovukwa. Mirija miwili inakwenda sambamba sehemu ya nyuma tu. Mbele zaidi inaachana. Atakayekata kupita sehemu iliyo sambamba atajikuta na midomo miwili isiyoelekeana na miguu ya mkia, na hakuna gundi ya kuitengeneza hali hiyo.

Sasa mdomo wenyewe. Mkia unapovutwa na tanga, mguu wake hufanya kazi ya mtaimbo ndani ya mrija: ncha ya ndani husukuma upande mmoja, na mdomo wa mrija husukumwa upande wa pili. Tukadirie kwamba ncha ya mkia iko sentimita 40 nje ya mdomo na inabeba mzigo wa upande ulio sawa na uzito wa kilo 20. Kama sentimita 20 za mguu zimemezwa na mrija, mdomo utasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 60. Zikimezwa sentimita 10 tu, mdomo ule ule utabeba kilo 100. Mtu aliyekata mkia wake kisha akauvuta nje hadi tundu la mwisho, akiitamani ile 210 ya zamani, ameongeza mzigo mahali palepale alipopadhoofisha.

Palidhoofishwa vipi? Nyuzi nyingi za mrija wa bumu hulala kwa urefu, kwa sababu kazi kubwa ya mrija ni kukataa kupinda. Nyuzi chache huzungushwa kiupande ili mrija usibonyee wala kupasuka. Katikati ya mrija, kila sehemu hushikiliwa na jirani zake wa mbele na nyuma. Mdomoni jirani yuko upande mmoja tu, na nguvu ya mtaimbo hutaka kuupasua mrija kwa urefu, ikifuata nyuzi. Mtengenezaji mzuri analijua hilo, kwa hiyo huongeza tabaka za kuzunguka mwishoni mwa mrija na kuvika juu yake kola ya plastiki inayobeba pini au klipu. Sentimita 10 zinazokatwa na kutupwa ndizo zenye uimarisho huo. Kinachobaki ni mrija wa kawaida uliofunguliwa katikati. Msumeno ukishatulia, ndipo sehemu kubwa ya kazi inapoanza.

Kola huvuliwa kwanza. Iliyogundishwa hulegea kwa joto la mashine ya kukaushia nywele. Moto wa wazi hautakiwi kabisa, kwa sababu joto linaloharibu gundi ya kola likizidi huharibu pia epoksi inayoshikilia nyuzi. Kisha alama. Mirija miwili lazima iwe na urefu sawa kabisa, maana tofauti ya milimita chache hupindisha mkia na kuufanya ukwame. Uzi usionyumbuka, ukivutwa kutoka kwenye kiungo cha mbele hadi mahali pa kukata, hutoa kipimo cha kuaminika kuliko rula inayofuata mpindo. Utepe wa karatasi huzungushwa mahali hapo hadi ncha zake zikutane sawia. Hutoa mstari wa kufuata na huzuia nyuzi zisichanike. Mrija haubanwi moja kwa moja kwenye jiliwa la chuma. Hubanwa katikati ya vipande viwili vya ubao vilivyochongwa nusu duara.

Msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha, ingawa bledi ya almasi ni bora. Kaboni hukwanguliwa kuliko inavyokatwa, kwa hiyo mkono usisukume. Mrija uzungushwe kidogo kidogo na mkato uanze pande zote, ili pasiwepo upande wa mwisho unaong'oka kwa mkupuo. Na maji yawepo muda wote. Vumbi la kaboni huwasha ngozi na huumiza mapafu. Pia linapitisha umeme, na likiingia ndani ya mashine za umeme huweza kuziharibu. Barakoa nzuri, glavu, miwani, na kitambaa chenye maji ya kupangusia: bila vitu hivyo kazi hii isianzwe.

Baada ya msasa laini juu ya ukingo mpya, mdomo hujengwa upya. Uso wa nje hukwaruzwa kwa msasa mkali kidogo ili epoksi ishike. Kigogo cha mti kilichofungwa nailoni huingizwa ndani, kiwe kinabana bila kulazimisha, ili epoksi isitiririke na kupunguza njia ya mkia. Nyuzi za kaboni zilizolowa epoksi huzungushwa kuuzunguka mrija, zikivutwa kwa nguvu sawa, juu yake tabaka jembamba la kitambaa cha nyuzi za kioo, na mwisho utepe wa plastiki uliotobolewa kwa sindano ili epoksi ya ziada ipate pa kutokea. Hapa kuna mgongano halisi ambao mafundi wengi huugundua wakiwa wamechelewa: kola iliyotengenezwa kwa kipenyo cha mrija haitapita tena juu ya tabaka hizo. Ama tabaka ziwe nyembamba na kola ipanuliwe kwa msasa kutoka ndani, ama uimarisho mkubwa uwekwe mara tu mbele ya kola na mdomo wenyewe upewe tabaka moja. Njia ya kwanza ni bora, kwa sababu inaweka nguvu pale pale mpasuko unapoanzia, hata kama inagharimu saa nzima ya kukwangua plastiki.

Tundu la pini hutobolewa mwishoni, baada ya epoksi kukauka. Keekee iwe kali, izunguke bila kushindiliwa, na ndani ya mrija kuwe na kigogo kinachozuia nyuzi zisipasuke upande wa pili. Kuta za tundu na ukingo wote uliokatwa hupakwa epoksi, maana maji ya chumvi hupenya kati ya nyuzi na tabaka zikaanza kuachana. Miguu ya mkia, kama ni ya alumini, ina hatari yake nyingine: kaboni na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na mkia hunasa ndani ya mrija usiweze kutoka. Kuvua mkia na kusuuza kwa maji baridi baada ya kila siku ya bahari huokoa mabumu mengi, yaliyokatwa na yasiyokatwa. Kwenye mto Columbia, ambako maji hayana chumvi, mchanga ndio adui mkubwa zaidi.

Epoksi nyingi hugumu kiasi cha kushikwa ndani ya siku moja, lakini kwa joto la kawaida huchukua hadi wiki kufikia nguvu yake kamili. Wiki hiyo ni vigumu kuivumilia upepo ukivuma nje ya dirisha. Inapasa ivumiliwe. Bumu linalovunjika mita 50 kutoka ufukoni ni usumbufu. Likivunjika katikati ya korongo, penye mkondo wa mto na meli za kusukuma matishari ya nafaka, linahatarisha maisha. Jaribio la kwanza lifanywe kwa upepo wa wastani, karibu na ukingo, na mkia ukiwa umeingizwa ndani zaidi.

Je, yafaa kulipitia yote haya? Kwa mwanamume wa kilo 85 anayefunga tanga la mita 4 mara chache kwa mwaka, pengine hapana: atapoteza dhamana ya mtengenezaji na sentimita 20 za juu kwa faida ndogo, wakati bumu la alumini lililotumika, la 140–190, lingemaliza shida yake kwa bei nafuu. Hata uzito hautapungua kwa kiasi cha kuhisiwa. Lakini kuna watu wengine majini. Mwanamke wa kilo 55 hufunga mita 4 katika upepo ambao yule bwana anafunga mita 6. Kijana wa kilo 45 huanza siku yake kwa tanga ambalo mtu mzima huliita la dhoruba. Kwao bumu fupi ndilo bumu la kila siku, na mirija myembamba inayotoshea kiganja kidogo, ya milimita 26 badala ya 29, ni sehemu ya usalama wao kwa sababu mkono unaochoka huachia. Mabumu ya watoto ya sentimita 100 hadi 150 yapo, lakini mengi ni ya alumini nyepesi ya kujifunzia, hayakukusudiwa kuruka mawimbi. Anayekua kutoka hayo na kuingia bumu la kaboni la watu wazima mara nyingi hukutana na namba 150 au 160 kama kiwango cha chini, kana kwamba kila mwenye ujuzi ana kilo 80. Kwa kijana huyo, bumu la kaboni lililokwishatumika, likafupishwa kwa uangalifu na kufungiwa kati ya 140 na 175, linaweza kumbeba miaka kadhaa.

Jambo moja hubaki kufanywa kabla bumu halijarudishwa garini, na wengi hulisahau. Namba za zamani bado zimechapwa kwenye mirija na kwenye mkia. Zikwanguliwe zote, na mpya ziandikwe kwa rangi isiyotoka. Tundu la mwisho la mkia lililo nje ya kiwango kipya lizibwe kwa epoksi. Mabumu hukopeshwa ufukoni na huuzwa mkono kwa mkono, na mtu atakayelichukua mwaka ujao akiona 210 atauvuta mkia hadi 210.